Jenereta iligoma kwenye sendofu ya mdogo wangu, nikafurahi. Nina roho mbaya?

*Swali: Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mtoto wa kwanza kati ya wanne, sijaolewa. Siku tisa zilizopita tulimfanyia sendofu mdogo wetu wa mwisho, ana miaka 27. Baba alipofariki mimi ndiye niliyemsomesha chuo, na siku ya mahafali yake nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Matroni alichaguliwa jirani yetu, kwa sababu msimamizi lazima awe na ndoa. Mimi nikapewa uwekahazina wa kamati kwa vile ni mhasibu. Miezi minne nimekimbizana na watu wa ahadi. Mwishoni pengo likabaki, nikaliziba kwa hela yangu, shilingi 1,150,000, sikumwambia mtu. Kwenye kicheni pati, ilipofika zamu ya mafunzo, mama mmoja akasema ambao hawajaolewa watupishe kidogo. Nikatoka na mabinti wa kidato cha nne. Siku ya sendofu MC akanisimamisha: "Dada mkubwa, sisi tunasubiri kadi yako!" Ukumbi ukacheka, na mimi nikacheka. Halafu mdogo wangu alipokuwa anaingia, umeme ukakatika, jenereta ikagoma kama dakika sita. Nikasikia raha, kama mtu aliyekunywa maji baridi. Mimi huyohuyo ndiye niliyekimbia na tochi ya simu kumtafuta fundi. Baadaye nikaenda stoo, kwenye makreti ya soda, nikalia. Je, nina roho mbaya? Nimwambie mdogo wangu ukweli? Binamu yangu naye ameshaniomba niwe mwekahazina wa kamati yake ya Desemba, nikatae? Jumamosi hii tunavunja kamati na sijui nitawatazamaje.*

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Miezi minne ya kukimbizana na ahadi umeimaliza kwa sentensi moja, lakini dakika sita za giza umezitolea hukumu ya maisha mazima. Unataka kujua kama yule dada aliyesomesha mdogo wake alikuwa sura ya nje tu, na huyu aliyefurahia jenereta kugoma ndiye wewe mwenyewe. Nakujibu bila kuzunguka: hapana, sioni roho mbaya hapa. Ila usiishie hapo ukafunga barua, maana harusi hii imekuonyesha jambo, na nadhani ulikuwa unatazama upande mwingine lilipokuwa likipita.

Tuimalize kwanza hiyo raha. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walichapisha utafiti kwenye jarida la Science. Waliwalaza watu kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawapa habari za mtu aliyewazidi katika mambo wanayoyajali wao wenyewe. Sehemu ya ubongo iliyochangamka ni mojawapo ya zile zinazohusika pia na maumivu. Kisha wakawapa habari za mtu huyohuyo kupatwa na mkosi, na safari hii ikachangamka sehemu inayohusika na raha ya kupata zawadi. Waliokuwa wameumia zaidi mwanzoni ndio waliopata raha zaidi baadaye. Hilo la mwisho ndilo lako. Raha uliyoisikia ilikuja na ukubwa wa maumivu yaliyokaa kifuani kwako tangu kicheni pati. Mwenye jino linalouma wiki mbili, likitulia dakika sita, hatasema limetulia. Atasema anasikia raha.

Halafu tazama miguu yako. Wakati moyo unakunywa maji baridi, miguu ilikuwa imeshatoka mbio kumtafuta fundi. Mwenye roho mbaya angeketi akitazama, au angehakikisha mapema kwamba mafuta ya jenereta hayatoshi. Hisia haibishi hodi, inaingia tu. Kukimbia na tochi ulikuchagua wewe.

Kiswahili chenyewe kinakusaidia hapa kama ukikipa nafasi. Wivu ni neno pana mno, hata mume huwa na wivu juu ya mkewe. Kijicho ni kuumia unapoona cha mwenzako. Husuda ni hatua nyingine kabisa: kutamani kimtoke, hata kama wewe hutakipata. Masheikh wanaongeza neno la nne, ghibta, yaani kutamani mfano wa alichonacho mwenzako bila kutaka kimwondokee, na hilo hawalihesabu kuwa dhambi. Jiulize basi: Jumapili asubuhi, ulipoamka na macho yamevimba, ulitaka ndoa ya mdogo wako ivunjike? Sidhani, maana mtu anayetaka hivyo haniandikii kuniuliza kama ana roho mbaya. Anaandika kuniambia shemeji yake ana kasoro gani.

Watu husema mtu hujulikana kwenye harusi na kwenye msiba. Kuna ukweli ndani yake, lakini umekuzwa. Siku ya sherehe mtu amelala kwa saa nne tu, anadaiwa na mpambaji, anawadai watu arobaini, amevaa viatu alivyochaguliwa kwa ajili ya sare, na simu mia tatu zinamrekodi. Unachokiona hapo ni mtu aliyebebeshwa mzigo. Lori lililojaa likipita darajani na ufa ukatokea, fundi anajua sasa nondo ilikosekana wapi, lakini hasemi daraja zima ni la udongo. Na mengi ya daraja lako yamesimama vizuri. Hebu niulize: umemwibia nani katika miezi minne ya kushika hela za watu?

Sasa kwa nini mtu uliyempigia vigelegele kwenye mahafali akuumize kwenye sendofu? Mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye Abraham Tesser alilifanyia kazi swali hili katika miaka ya 1980. Mafanikio ya mtu mwingine yanaweza kutuinua au kutushusha, na hilo linategemea mambo mawili: mtu huyo yuko karibu nasi kiasi gani, na jambo alilofanikiwa ni jambo tunalojipimia au la. Akiwa karibu na jambo silo unalojipimia, unaota jua la mafanikio yake. Akiwa karibu na jambo ndilo unalopimwa nalo, jua lilelile linakuunguza. Shahada unayo tayari, kwa hiyo shahada yake ilikuwa pambo lako. Ndoa unaulizwa kila Jumapili getini kwa kanisa. Angekuwa ni binti wa mtaa wa pili, usingelia stoo. Ungekula pilau, ungecheza kwaito, ungerudi nyumbani na kipande cha keki kwenye tishu.

Wala hukuwa mnafiki ulipocheka huku unaumia. Mwaka 2001 watafiti watatu wa Marekani waliwauliza wanafunzi wanajisikiaje siku za kawaida, kisha wakauliza siku ya mahafali na siku ya kuhama bweni. Siku hizo za kuagana, waliosema wana furaha na huzuni kwa wakati mmoja walikuwa wengi zaidi kuliko siku za kawaida. Sisi tulikuwa tunalijua hili bila mashine wala dodoso. Mama wa bibi harusi hulia na kupiga vigelegele kwa pumzi moja, na hakuna anayemwuliza ana roho gani.

Haya. Nifike kwenye lile lililonifanya nikuandikie kwa kirefu.

Rudi kwenye barua yako umtafute shemeji yako. Hayumo. Hujaandika sura yake, kazi yake, pete, gari, wala namna anavyomtazama mdogo wako. Nimekaa na watu wengi walioumizwa na kukosa mwenza, na huwa wanaandika juu ya mwenza: usiku mrefu, chakula cha kupikia mtu mmoja, mtoto. Wewe umeandika juu ya kiti alichokalia jirani. Umeandika juu ya mlango ulioelekezwa kutokea, na umri wa mabinti uliotoka nao. Umeandika juu ya kicheko cha ukumbi mzima. Katika nyakati hizo tatu mtu mzima wa miaka 36, aliyelipa ada za chuo cha aliyeketi mbele, amehesabiwa pamoja na watoto.

Naweza kuwa nimekosea, nina barua tu mkononi. Lakini kama nimesoma sawasawa, hukumwonea mdogo wako kijicho cha mume. Umemwonea kijicho cha cheo. Na cheo hicho ulidhani ulishakipata siku nyingi, kwa jasho, mpaka sherehe ilipokuja kukuonyesha kwamba kwenye daftari la ukoo hakijaandikwa.

Hakuna aliyekaa chini akapanga kukudhalilisha, nadhani unalijua. Makanisa na familia nyingi zinataka wasimamizi wenye ndoa kwa sababu wanatarajiwa kuwa washauri wa maharusi baadaye, si kushika shela tu. Na lile la "watupishe kidogo" lina mizizi mirefu. Kungwi katika unyago alikuwa na siri za kufundisha, na mstari aliouchora ulikuwa kati ya aliyechezwa, yaani aliyepitishwa unyagoni, na asiyechezwa. Tumeuchukua mstari huo tukauweka kwenye ukumbi wa kukodi wenye maputo, tukaubadilisha kuwa kati ya aliyeolewa na asiyeolewa, bila kujiuliza unamwangukia nani. Yule mama aliona mabinti. Wewe hakukuona kabisa.

Mwaka 1909 mtaalamu mmoja wa mila, Arnold van Gennep, alieleza kwamba sherehe za kuvuka hatua huwa na sehemu tatu: kutengwa na hali ya zamani, kukaa kizingitini, kisha kupokelewa katika hali mpya. Sendofu ni sehemu ya kwanza, ni kuagwa kama jina lake lilivyo. Mdogo wako ameagwa, atapokelewa upande wa pili, na Krismasi akija nyumbani ataitwa kukaa na mama wakubwa wanapojadili kiwanja cha marehemu baba yenu. Wewe je? Kusomesha mdogo wako hakuna sherehe yake. Hakuna kadi, hakuna MC, hakuna anayekukatia ndafu siku unapolipa ada ya muhula wa mwisho. Ulivuka peke yako usiku, kwa simu, ukapata meseji ya uthibitisho wa malipo.

Wala hayakuanza leo. Katika Mwanzo 29, Labani anamwambia Yakobo kwamba kwao haifanyiki kumtoa mdogo kabla ya mkubwa. Njia aliyoitumia ilikuwa ya ulaghai, na Lea ndiye aliyebaki na kilio. Ila angalau waliona kwamba kuna jambo pale linalohitaji kushughulikiwa. Sisi tunalimaliza kwa utani wa MC.

Juu ya kile kicheko chako nitasema machache. Mwanasosholojia Arlie Hochschild aliandika tangu 1979 kwamba jamii ina kanuni za nini kinapasa kuhisiwa wapi, na kujilazimisha kuhisi hivyo ni kazi kama kazi nyingine. Mmoja wa mifano yake ni bibi harusi ambaye siku yenyewe hakuisikia furaha aliyoitarajia, akawa anajitahidi kuileta. Kama bibi harusi mwenyewe huchoka, dada yake aliyesimamishwa mbele ya watu mia tatu ana haki ya kwenda kulia stoo.

Sasa hela. Hapa nitakuwa mkali kidogo, univumilie.

Wewe ni mhasibu. Kazini, mtunza fedha wa chini yako akiziba pengo la kasha kwa hela ya mfukoni mwake bila kuandika popote, utamfanyaje? Utamwita ofisini mlango ufungwe. Hata kama nia yake ni njema, hesabu zinakuwa za uongo. Nyumbani umefanya hilohilo, tena kwa 1,150,000. Na kilichokutokea ndani baada ya hapo hakinishangazi hata kidogo. Mfaransa Marcel Mauss alieleza mwaka 1925 kwamba zawadi katika jamii hubeba mambo matatu, kutoa, kupokea na kurudisha. Sisi tunalifahamu kwa vitendo, ndiyo maana kila nyumba ina daftari la nani alichangia nini, ili zamu yake ikifika naye achangiwe. Zawadi ya siri inatoka kwako lakini haina mpokeaji. Hakuna wa kukushukuru kwa sababu hakuna anayejua, na wewe unatembea ukumbini ukiwadai watu wote deni ambalo hukuwaambia. Mdogo wako alipoingia akimeremeta, alikuwa amevaa sehemu ya akiba yako, na hajui.

Kwa nini ulifanya hivyo? Nakisia. Kiti cha matroni ulikikosa, kwenye mafunzo ulitolewa, kilichobaki ni uwekahazina. Kusema "jamani hela haitoshi" kungekuwa kushindwa kwenye kiti pekee ulichopewa. Ukakilipia.

Naujua ugonjwa huu kwa sababu nimeugua. Nilikuwa na miaka 29, nimemsimamia rafiki yangu Tanga. Nilibeba kipochi cha pini, uzi mweupe, sindano, dawa ya kichwa, poda, na sikumruhusu mtu kukigusa kuanzia alfajiri. Mpambaji alipoomba pini mbili tu, nilimjibu maneno ambayo mpaka leo sipendi kuyarudia, mbele ya shangazi zake bibi harusi. Rafiki yangu akanitazama kupitia kioo, nusu ya uso imepakwa, nusu bado, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Unaogopa nini?" Sikuwa na jibu. Nililipata baada ya miezi: niliogopa kwamba mikono yangu ikiwa mitupu hakuna atakayeona haja ya mimi kuwepo. Nilikuwa na ndoa, nilikuwa na kiti cha mbele, na bado niliogopa. Kwa hiyo usidhani pete ingekutibu hili.

Twende kwenye maswali yako mengine.

Umwambie mdogo wako? Lile la jenereta, mimi ningelinyamazia. Wapo wenzangu watakaosema siri huoza na kwamba undugu wa kweli hauna pembe za giza. Wana hoja. Lakini jiulize maneno hayo yatamfanyia nini yeye. Wewe utashusha mzigo, yeye ataubeba. Kila akiangalia video ya sendofu, zile dakika sita zitakuwa na sura yako ndani yake. Mwambie lile la mlango. Mwambie, akisharudi kutoka fungate na mmekaa mahali pana chai na hakuna mama wakubwa, kwamba uliposikia "watupishe" ukatoka na mabinti, uliumia, na kwamba ulitamani yeye aseme "dada abaki". Inawezekana hakuliona, alikuwa amekalishwa kwenye mkeka kichwa kimeinama. Inawezekana aliliona na limemkaa vibaya mpaka leo. Vyovyote itakavyokuwa, hilo ni jambo ambalo yeye anaweza kulifanyia kitu. La jenereta hawezi.

Mama yako pia anapaswa kulisikia, tena mapema, kwa sababu kicheni pati zinazokuja ukoo ni huohuo na akina mama ni haohao. Na kwa MC dawa ni nyepesi kuliko unavyodhani. Maneno yake mengi hutoka kwenye karatasi anayopewa na kamati. Safari nyingine mwenyekiti aandike humo: dada mkubwa atambulishwe kama mlezi wa bibi harusi, asitaniwe juu ya ndoa. MC mzuri atashukuru, maana hata yeye huwa anabahatisha.

Desemba. Ungeweza kukubali kwa masharti: hesabu zisomwe kila kikao, pengo likitokea litangazwe, asiwepo wa kuziba. Ni njia nzuri kwa mtu aliyepumzika, wewe hujapumzika. Ungeweza kujitoa kabisa, usiende hata ukumbini, na hiyo siipendi. Kwetu mtu asiyeonekana kwenye shughuli za wenzake hubaki peke yake haraka sana, na upweke utakuumiza kuliko MC. Mimi ningemwambia binamu hivi: "Nitakuja, mchango wangu ni laki moja na nitautoa kikao cha kwanza. Uwekahazina sitauweza." Atauliza kwa nini. Rudia sentensi ileile ya mwisho, usiongeze sababu, kwa sababu kila sababu utakayotoa atakuwa na suluhisho lake. Utatetemeka kidogo. Kutetemeka hakuna madhara.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyatibu, na nataka uyaangalie. Siku tisa za kujisikia vibaya baada ya miezi minne kama hiyo ni jambo la kawaida. Lakini kama wiki mbili zitapita na kila siku, karibu siku nzima, moyo uko chini, usingizi umekataa au unalala kupita kiasi, chakula hakipiti, kazini unasoma safu moja ya tarakimu mara tano, au umeanza kunywa ili ulale, hapo nenda ukaonane na mtu ana kwa ana. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma za afya ya akili, Muhimbili wapo mabingwa, Mirembe pale Dodoma ni hospitali ya taifa ya kazi hiyo. Kama shida ni ya kifamilia zaidi, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako anaweza kuwa mlango wa kwanza. Yakija mawazo ya kutaka kufa au kujidhuru, usingoje wiki mbili. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na usiende peke yako. Mchungaji wako naye anaweza kukusikiliza vizuri, ila ukikutana na mtu anayekwambia una roho ya kukataliwa na anataja kiasi cha sadaka ya kuifungua, shika pochi yako utoke.

Imebaki Jumamosi.

Kabla ya kikao amua jambo moja: hiyo 1,150,000 ni mkopo au ni mchango? Vyote viwili ni halali, ila huwezi kuvichanganya. Ikiwa ni mkopo, iandike kwenye mapato kama mkopo kutoka kwa mwekahazina, halafu chini yake weka majina ya waliotoa ahadi hewa na kiasi wanachodaiwa, ili watakacholeta kije kwako. Jiandae kwamba baadhi hawataleta. Ikiwa ni mchango, iandike kwa jina lako, kama ya watu wengine, na isomwe kwa sauti kama ya watu wengine. Baba mdogo, au yeyote aliye mwenyekiti, akiuliza mbona hukusema, mwambie uliogopa kamati itaonekana imeshindwa. Ni kweli, na inatosha kwa kikao. Wakikupigia makofi, pokea. Wakinyamaza, wape muda wanyamaze. Kisha nenda mstari unaofuata, wa makreti ya soda, maana hayo yanarudishwa na kuna hela ya chupa mliyoiacha dukani.